Mbwa Aliyeundwa kwa Mbwa Watano

Mwaka 1922, mjini Bulawayo, watu walileta mbwa wao kwenye mkutano ili waamue mbwa hao ni nini. Aliyewaita ni Francis Richard Barnes. Walikuja mbwa zaidi ya ishirini na hawakufanana hata kidogo. Wengine walikaribia kimo cha Great Dane, wengine walikuwa wadogo kama bull terrier, rangi kila aina, ingawa wekundu na wa milia walizidi. Kilichowaunganisha ni mstari wa nywele mgongoni, nywele zinazolala kuelekea kichwani wakati zingine zote zinaelekea mkiani. Kila mtu aliamini wake ndiye mbwa sahihi, kwa hivyo hakuna aliyetaka kujitokeza kwanza. Mwishowe mtazamaji mmoja akashika mbwa akasema kimo na umbo viwe kama hivi. Akachukua wa pili kwa ajili ya kichwa na shingo. Wa tatu, miguu. Hivyo hivyo mpaka akatumia mbwa kama watano kujenga mbwa mmoja ambaye hakuwepo pale.

Siku chache baadaye klabu ikaanzishwa. Vigezo alivyoandika Barnes aliviegemeza kwa vile vya Dalmatian, yule mbwa mweupe mwenye madoa, na 1926 muungano wa klabu za mbwa wa Afrika Kusini ukavipitisha. Rhodesian Ridgeback akazaliwa, kwa karatasi.

Mimi haya yote niliyajua kwa kulipwa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, fee ilipokataa kabisa, na tangu hapo naishi kwa kuwaandikia watu wa ng'ambo vitu ambavyo jina langu halitokei popote: magodoro, meno, bima ya magari ya nchi ambazo sijawahi kukanyaga. Mwaka jana klayenti mmoja anayeuza chakula cha mbwa alitaka maneno elfu moja na mia tano kuhusu historia ya Ridgeback. Maagizo yalikuwa mafupi: simba wawe wengi.

Simba wapo, kweli. Kulikuwa na mwindaji Kaburu, Cornelius van Rooyen, aliyetaka mbwa wa kuwindia wanyama wakali. Mbwa hao hawakuwa wakiua simba, hiyo ni sinema. Kazi yao ilikuwa kumzunguka, kumbwekea, kumkwepa na kumkera asiondoke mpaka mwenye bunduki afike. Sehemu ya damu ya mbwa wake ilitoka kwa mmisionari Charles Helm, ambaye miaka ya 1870 alihama kutoka Swellendam, kule Cape, akiwa na mbwa majike wawili, akaja kukaa misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo. Wanaosimulia historia ya mbwa humtaja hapo, kisha wanaendelea na safari yao.

Mimi nilikwama kwa Helm siku mbili nzima, siku ambazo hakuna aliyenilipa. Kwa sababu Helm huyu huyu ndiye aliyekuwa mkalimani Oktoba 1888, mfalme Lobengula wa Wandebele alipowekewa mkataba wa Rudd mbele yake. Lobengula aliahidiwa kwa mdomo kwamba Wazungu watakaokuja kuchimba hawatazidi kumi, na kwamba watafuata sheria za nchi yake. Helm mwenyewe alieleza baadaye kwamba ahadi hizo zilitolewa. Kwenye karatasi hazikuwemo. Kwa nguvu ya karatasi hiyo kampuni ya Cecil Rhodes ilipata hati ya kifalme kutoka Uingereza 1889, mwaka 1893 ufalme wa Lobengula ukaangushwa kwa vita, na 1895 nchi ikaitwa kwa jina la Rhodes.

Na ule mstari je? Mstari ni wa mbwa wa Wakhoikhoi, wafugaji wa kusini kabisa mwa bara hili, ambao walikuwa huko na mifugo yao kabla Waholanzi hawajajenga kituo Cape mwaka 1652. Walowezi waliwachanganya mbwa hao na wale waliotoka nao Ulaya. Sasa hebu tazama huyu mnyama vizuri. Alama inayomtambulisha ni ya Wakhoikhoi. Jina ni la Rhodes. Vigezo viliazimwa kwa mbwa aliyepewa jina la pwani ya Kroatia. Mkhoikhoi ndiye mwenye kitu chenyewe na ndiye hayumo kwenye jina.

Nilimpigia guka simu. Nikikua, kwake Ol Kalou kulikuwa na mbwa mwekundu, ncha za masikio zimeliwa na nzi, anaitwa Simba kama nusu ya mbwa wa Kenya. (Nusu ile nyingine ni Tomi na Popi.)

"Guka, Simba alikuwa mbwa wa aina gani?"

"Aina?" Akanyamaza kidogo. "Alikuwa wa hapa."

"Wa hapa wapi?"

"Wa hapa nyumbani. Mamake alikuwa wa pale kwa jirani. Babake alikuwa anapita tu."

Karatasi pekee ambayo Simba aliwahi kuwa nayo ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na guka aliiweka bahasha moja na hati ya shamba. Kwa watu wa vigezo, Simba ni mbwa koko, neno ambalo sisi tunalitumia hata kwa binadamu.

Vigezo vya Ridgeback vinataka mstari uanze nyuma ya mabega, uende ukipungua mpaka kwenye nyonga, na uwe na vizunguko viwili tu vya nywele, vinavyofanana na kutazamana. Kimoja kikipanda juu ya mwenzake, hayo ni makosa. Na wapo wanaozaliwa bila mstari kabisa, hata kwa wazazi wenye mistari ya kupendeza. Kwa miaka mingi kulikuwa na wafugaji waliowaua hao wakiwa wachanga, ili wasichafue ukoo. Mwaka 2008 filamu ya BBC, Pedigree Dogs Exposed, iliwaonyesha watu jambo hilo kwenye televisheni, na kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata BBC haikuonyesha Crufts, maonyesho ya mbwa waliyoyarusha kwa miongo mingi.

Lakini mwaka mmoja kabla ya filamu, 2007, watafiti wakiwemo wa Sweden walikuwa wameshachapisha sababu ya mstari wenyewe. Ni kipande cha chembe za urithi kilichojirudia. Mbwa aliyerithi kipande hicho kwa mzazi mmoja anapata mstari. Aliyerithi kwa wote wawili anapata mstari pia, ila anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na tundu jembamba, kama mrija, linalotoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo, ambalo linaweza kuoza na kumuua. Ukizalisha mbwa wawili wenye kipande kimoja kimoja, kwa wastani robo ya watoto watatoka bila mstari. Hao ndio hawakurithi kile kipande. Yaani yule aliyekuwa akizamishwa kwenye ndoo ndiye aliyekuwa salama zaidi na ugonjwa huo.

Nilisoma sehemu hiyo saa nane usiku. Wiki hiyo wenzangu wa darasa walikuwa wamehitimu na simu yangu ilikuwa imejaa picha za gauni. Nilirudia kusoma, nikafunga data, nikalala.

Klayenti alipokea kazi akakata Helm, akakata Lobengula, akakata Wakhoikhoi wakabaki nusu sentensi. Alisema ni siasa, na mnunuzi wa chakula cha mbwa hataki siasa. Mimi naona siasa ipo kwenye jina, hakuna aliyeileta. Rhodesia iliisha 1980. Sanamu ya Rhodes iliondolewa Chuo Kikuu cha Cape Town Aprili 2015, watu wakishangilia. Mbwa bado anaitwa hivyo Harare, anaitwa hivyo Marekani, na anaitwa hivyo Karen, nyuma ya mageti ya "Mbwa Kali". Alinilipa lakini, tena kwa wakati, na rent ya mwezi huo ilitoka hapo.

Baadaye nikakuta tangazo la watoto wa Ridgeback, Nairobi, wana karatasi. Bei ya mmoja ingelipa fee yangu ya semista na chenji ibaki. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: mmoja hana mstari, hana karatasi, maelewano. Nikapiga. Sikuwa na pesa za kununua mbwa, nilitaka tu kujua. Mama aliyepokea alicheka. "Huyo alienda wa kwanza, kijana wangu. Alichukuliwa na mzee wa Kitengela, ana mbuzi. Hata hakuuliza mstari ni nini. Aliuliza kama anabweka."