Msimu wa Maembe, Kalemie

Kalemie ya utoto wangu, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, haikuhitaji kalenda. Mvua za mwezi wa kumi zikianza, tulijua maembe yako njiani, na ikifika Noeli mji mzima ulinukia, kutoka mtaa wa Kataki mpaka daraja la mto Lukuga. Mabichi tuliyapopoa kwa mawe, tukayala kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakaingia ganzi. Yaliyoiva yalikuwa madogo, yenye nyuzi nyingi. Ulilitomasa embe kwa vidole hadi ndani likawa uji, ukalitoboa kwa jino kwenye kikonyo, ukanyonya mpaka kokwa ikabaki kavu. Msimu ukiisha umeisha. Hakuna aliyeulizia embe hadi mvua nyingine.

Leo naishi Namur, Ubelgiji. Dukani embe lipo Januari, lipo Julai. Limetoka Brazili au Peru, limechumwa bichi ili livumilie meli. Rangi ipo, harufu hakuna. Siligusi. Nangoja mwezi wa tano, stroberi za Wépion zianze kuuzwa kando ya barabara, pale karibu na mto Meuse. Zile zilizochumwa asubuhi ni laini kiasi kwamba jioni utakuta zimelowesha kikapu, kwa hiyo unazila siku hiyo hiyo, hata ukiwa umesimama. Halafu cheri, halafu vuli huja na matofaa na mapea. Nashukuru: nchi hii ya baridi imenirudishia kula kama nilivyolelewa, kula kilichopo na kungoja kisichopo.

Lakini kuna chupa moja inayoniuma kila niionapo mezani: sharubati ya Liège. Huko upande wa Herve na Aubel wanapika mapea na matofaa saa nyingi sana, wanakamua, wanachemsha maji yake tena hadi yawe mazito na meusi, yakae mwaka mzima. Watu wenye msimu mfupi hawakubali tunda lipotee.

Sisi tuliacha maembe mangapi yaoze? Desemba mama zetu walirudi kutoka sokoni na mabeseni yaliyojaa vile vile, hata kwa bei ya bure hayauziki, maana kila uwanja una mwembe wake. Treni ya kwenda Kabalo haikuwa ya kutegemewa kwa kitu kinachooza. Na tulijua kukausha! Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, tuliwaanika ufukweni, mihogo tulianika uani. Embe hatukulianika hata siku moja, na jua lilikuwa lile lile.

Mwembe wa kwetu haupo tena. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 maji yaliingia uani yakakaa, ukanyauka, na dada akauuza kwa wachoma makaa. Nimemtumia pesa ya miche ya kubebeshwa, ambayo haichelewi kuzaa kama ya kokwa. Ameipanda juu mlimani kwa shangazi, na ameniuliza embe linakatwa unene gani likitaka kuanikwa.