Kilima cha Greenwich na Imani ya Farasi

Anayepanda kilima cha Bustani ya Greenwich, London, hufikia kituo cha kale cha wanajimu, ambako familia hupigwa picha zikiwa zimeweka mguu mmoja upande wa mashariki ya dunia na mwingine upande wa magharibi. Sisi tuliufuata mteremko wenyewe. Hapa ndipo farasi wa Olimpiki ya mwaka 2012 walipokimbia na kuruka, ingawa uwanja ule ulikuwa wa muda tu na umekwisha kuondolewa.

Mbio za nyika zilichukua takriban kilomita 6, zikipanda na kushuka kilima hiki. Viunzi vyake ni magogo yaliyokazwa ardhini, mitaro na vidimbwi vya maji. Uwanjani, kinyume chake, kiunzi ni fito zilizolazwa juu ya vishikio. Ufito ukiguswa ukaanguka, mpandaji huandikiwa makosa 4, naye huendelea. Gogo halianguki. Likimkwaa farasi, yeye ndiye aangukaye, pengine juu ya mpandaji wake, na wapo waliopoteza maisha kwa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo mafunzo huanzia chini kabisa. Fito hutandazwa ardhini, farasi mchanga akazivuka kwa mwendo wa kutembea. Kuinuliwa kwake huja polepole, kwa miezi na miaka. Mpandaji naye huzungushwa duara, farasi akiongozwa na mwalimu kwa kamba ndefu, bila vikuku wala hatamu, mpaka ajue kukaa kwa uzani wake mwenyewe badala ya kuning'inia kwenye kinywa cha mnyama. Watoto wetu walidhani kazi ni kuruka. Kazi kubwa ni kukaa.

Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, hivyo kiunzi kikiwa karibu kabisa mbele yake humpotea. Tena haonyeshwi njia kabla ya siku yenyewe. Mpandaji peke yake huikagua kwa miguu, akihesabu hatua zake 4 kwa hatua moja ya farasi aendaye shoti. Basi mnyama huruka asichokiona, kwa kumwamini aliye mgongoni. Akiletwa vibaya akaumia, siku nyingine husimama mbele ya kiunzi, na bakora haimrudishii imani hiyo.

Tarehe 6 Agosti 2012, katikati ya Ramadhani, timu ya Saudi Arabia ilitwaa hapa medali ya shaba ya kuruka viunzi, nyuma ya Uingereza na Uholanzi. Walikuwa Mwanamfalme Abdullah, Kamal Bahamdan, Ramzy Al Duhami na Abdullah Sharbatly. Ni rahisi kusema kuwa ni fedha ya mafuta. Fedha hununua farasi, lakini haimpi mpandaji miaka ya kukaa juu yake. Sharbatly alikuwa amekwisha pata fedha ya dunia huko Kentucky mwaka 2010, na kabla yake Khaled Al Eid alikuwa ameipatia nchi hiyo shaba huko Sydney mwaka 2000. Kati ya shaba hiyo na ile ya Greenwich ilipita miaka 12.