Mbili za Kichwa

Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopasua Kibera, duka la mzee wetu lilikwenda na matingatinga. Nimepekua magazeti: ilikuwa Jumatatu, 23 Julai 2018. Haya, tarehe ni hiyo. Ninayemkumbuka mimi ni mzee mwenyewe na kile kiduka kisichotosha watu watatu.

Kilinuka mafuta ya taa. Pipa lilikaa mlangoni, kipimo chake cha bati kikining'inia, na harufu ilikuwa imeshaingia kwenye mkate, kwenye majani ya chai, hata kwenye chenji uliyorudishiwa. Kwa mwenye kipandauso ilikuwa adhabu tupu. Upande mmoja wa kichwa unagonga, tumbo linachafuka, nami nimesimama pale, leso nimeifunga mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, mbili za kichwa."

Makasi aliyafunga kwa kamba kwenye msumari. Aliyavuta, akakata vidonge viwili, na kabla ya kunipa akauliza: "Na za jana?" Nikisema zimekwisha, hupata kimoja tu. Wateja walimnunia, wakasema ni mchoyo. Hakusomea dawa hata siku moja, ila alijua ni nani amerudi mapema mno.

Ushauri ulikuwa wa bure. Mama alinipaka Robb kwenye panja, jirani akataka nichanjwe chale, mwingine akasema ni pepo. Kilichonifaa ni giza na kimya, na utavipata wapi chini ya mabati saa nane mchana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na redio yake ni yako pia?

Nilihamia Kawangware nikiwa na watoto, karibu na steji ya 46. Makelele ya matatu sisemi, mnayajua. Maduka ya dawa yalizidi kuchipuka, na hapo nikapata nilichokitaka: muuzaji asiyeuliza. Nikaanza kumeza mchanganyiko wa aspirini, paracetamol na kafeini, leo na kesho. Ikafika mahali naamka kichwa kinaniuma kila asubuhi.

Miaka iliyofuata haina la kusimulia. Nilipimwa malaria, nikauziwa miwani, nikapimwa malaria tena. Kisha katika kliniki moja ya serikali daktari kijana aliniuliza kama yule mzee: kwa mwezi, unameza siku ngapi? Akanieleza kwamba mwenye kipandauso akitumia dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi kwa mwezi, au paracetamol peke yake siku 15, miezi ikipita dawa yenyewe huleta maumivu. Nikaacha. Siku za mwanzo zilikuwa chungu, sitawadanganya. Akanianzishia propranolol, dawa ya zamani ya presha, ya kumeza kila siku kichwa kiume kisiume, ili mashambulizi yapungue. Wengine hupewa amitriptyline kidogo usiku. Sikupona, ila sasa naweza kupanga wiki yangu. Kuna dawa za jamii ya sumatriptan zilizotengenezewa kipandauso chenyewe, zipo tangu mwanzo wa miaka ya 1990, lakini bei yake si ya mtu wa kibarua.

Juzi mpwa wangu ananiambia, "Shangazi, si utume tu pesa, mtu wa boda akuletee mbili?" Vijana wamezoea kununua dawa kama wanavyonunua kredo. Na wauzaji wamewazoeza: siku hizi unapewa pakiti nzima kabla hujamaliza kusema unaumwa wapi, kisha unaulizwa kama utaongeza vitamini.

Wenye maduka ya dawa, nawaomba muulize. Anayekuja kila asubuhi, mwulizeni ni mara ya ngapi mwezi huu, mkamwelekeze kliniki. Na anayetaka propranolol kwa sababu ilimfaa jirani, mwulizeni kwanza kama ana pumu, kwa maana dawa hiyo inaweza kumbana kifua vibaya.