Shibe ya Uji Mwepesi

Watu husema mtoto "ameachishwa ziwa" pindi aanzapo kula. Sivyo. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama humtosha. Baada ya hapo chakula huja kuyasaidia, na kunyonya huendelea hadi miaka 2 au zaidi.

Hatari imo katika uji. Mjukuu wangu alinyweshwa uji wa mahindi mwepesi kama maji. "Baba, mbona anashiba?" mkwe wangu aliniambia. Alishiba kweli, lakini uzito haukuongezeka. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, chakula kitakaa wapi? Na uji mzito hawezi kuumeza.

Jibu ni kimea, kilekile cha pombe: ulezi ulioota, ukakaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja katika uji mzito wa moto huulainisha bila kuongeza maji; kisha hurudishwa jikoni uchemke kidogo. Tuliongeza karanga zilizosagwa na unga wa dagaa.

Sasa anakula ugali uliolowekwa mchuzi, na bado ananyonya. Basi tusiulize tu kama mtoto ameshiba; tuulize ameshiba nini.