Kelmscott: Kijiji cha Mtoni na Deni la Uzuri

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa sifa kwa fundi: chombo hakikujileta chenyewe majini, bali yupo aliyekata mti, akachonga mbao na kuzishikamanisha kwa jasho lake. Hata hivyo, methali iyo hiyo yaweza kusomwa kama swali linalomkabili kila apendaye kitu kizuri. Uzuri huu umeundwa na nani? Na je, aliyeuunda alipata nini? Swali hili lina uzito wa pekee katika kijiji kimoja kidogo cha Uingereza kiitwacho Kelmscott, kando ya Mto Thames. Wapenzi wa fasihi hukijua kijiji hiki kupitia kalamu ya William Morris (1834-1896), mshairi, mwandishi wa riwaya, msanii wa vitambaa na mwanaharakati wa usoshalisti.

Thames ni mto wenye urefu wa takriban kilomita 346. Huanzia karibu na Kemble huko Gloucestershire, ukaelekea mashariki kupitia Oxford na London hadi Bahari ya Kaskazini. Anayeujua kwa picha za London, pamoja na madaraja yake makubwa na majumba ya serikali, angeshangaa kuuona ukipita Kelmscott. Huku juu ni mto mwembamba na mpole, unaojipindapinda katika bonde pana lililo tambarare, huku kingo zake zikipambwa kwa mierebi na matete. Kijiji kipo upande wa kaskazini wa mto, katika pembe ya kusini-magharibi ya Oxfordshire, yapata kilomita tatu kutoka mji mdogo wa Lechlade.

Waliokianzisha walijua walilolitenda. Hawakujenga katika udongo mzito wa mfinyanzi ulio bondeni, bali juu ya tabaka la changarawe lililoinuka kidogo tu kuliko uwanda wa mafuriko. Majira ya baridi yanapofika, na mto ukavunja kingo zake, malisho hugeuka ziwa. Mafuriko hayo si adui mtupu. Maji yanapopungua huacha rutuba, na rutuba hiyo ndiyo iliyostawisha nyasi zilizokatwa kila kiangazi, zikaanikwa na kuwekwa akiba ya mifugo. Lakini mto ni rafiki asiyezoeleka: mnamo Julai 2007, mvua kubwa zilileta gharika katika bonde zima la Thames ya juu, na wakazi wakakumbushwa kwamba changarawe nayo ina kikomo chake.

Jina lenyewe la kijiji linatokana na Kiingereza cha Kale, na maana yake ni vibanda vya Cenhelm. Kwa karne nyingi vibanda hivyo havikuwa na habari kubwa ya kusimulia. Historia yenye kelele ilipita jirani. Kilomita chache upande wa mashariki lipo daraja la mawe la Radcot, miongoni mwa madaraja makongwe kabisa juu ya Thames, lililojengwa yapata mwaka 1200. Hapo ndipo, mnamo Desemba 1387, jeshi la Robert de Vere, kipenzi cha Mfalme Richard wa Pili, lilipotawanywa na mabwana waliomwasi mfalme. Hapo pia ndipo mawe ya machimbo ya Taynton na Burford yalipopakiwa mashuani kuelekea London, yakiwemo yaliyojenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Jibini la wafugaji wa bonde hili nalo lilisafiri kwa mto uo huo. Mnamo 1789 mfereji wa Thames na Severn ulikamilika, ukauunganisha mto huu na Mto Severn ulio magharibi. Kwa hiyo, utulivu wa Thames ya juu usimhadae mtu. Fahari ya mji mkuu ilipitia hapa ikiwa bado mawe ghafi, ikibebwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Nyumba iliyokipatia kijiji umaarufu inaitwa Kelmscott Manor. Jina hilo humfanya mgeni adhani kwamba ni kasri la kabaila, kumbe ilijengwa na mkulima, mmoja wa ukoo wa Turner, yapata mwaka 1600. Ni nyumba ya mawe ya chokaa ya kijivu, na hata paa lake ni la mawe yaliyopasuliwa kuwa vigae. Vigae vya chini ni vikubwa, kisha hupungua ukubwa hatua kwa hatua hadi vile vidogo kabisa vya kileleni. Morris alivutiwa mno na mpangilio huo, akaufananisha na magamba ya samaki na manyoya ya ndege. Kwake, paa lile lilikuwa ushahidi kwamba fundi wa kijijini, bila kusomea chuo chochote, aliweza kuunda kitu chenye manufaa na uzuri kwa pamoja.

Morris aliikodi nyumba hiyo mnamo 1871 akishirikiana na mchoraji na mshairi Dante Gabriel Rossetti. Ushirika huo haukudumu. Rossetti alimpenda Jane, mke wa Morris, na jambo hilo halikuwa siri baina ya watatu hao. Mnamo 1874 aliondoka asirudi tena. Morris alibaki, na kijiji kikaanza kuingia katika sanaa yake. Ndege walioiba stroberi katika bustani ya nyumba hiyo waligeuka kuwa pambo la kitambaa chake mashuhuri cha mwaka 1883, kiitwacho Strawberry Thief. Mierebi ya ukingoni nayo ikawa pambo la karatasi za ukutani mnamo 1887. Hata kiwanda chake cha uchapaji, kilichoanzishwa London mnamo 1891 na kutoa matoleo ya vitabu yaliyorembwa kwa ustadi wa hali ya juu, kilipewa jina la Kelmscott.

Mpaka hapa mtu angeweza kufunga kitabu na kusema kwamba hiki ni kisa cha msanii aliyepata kiota chake. Lakini wapo waliokuwa wakiishi Kelmscott kabla ya msanii, na maisha yao hayakuwa pambo la ukutani. Katika karne ya 18 na ya 19, sheria za Bunge zilizungushia ua mashamba ya pamoja kote Uingereza, na wengi waliokuwa na haki ya kulima au kulisha mifugo katika ardhi hizo wakabaki vibarua. Katika miaka ya 1870 nafaka rahisi kutoka Marekani, iliyoletwa kwa reli na meli za mvuke, iliporomosha bei za mazao. Wakulima walipunguza vibarua. Vijana walihamia mijini au ng'ambo. Mnamo 1872 Joseph Arch aliongoza kuundwa kwa chama cha kitaifa cha vibarua wa mashambani. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Ascott-under-Wychwood kilichomo Oxfordshire humo humo, wanawake 16 walifungwa jela kwa kuwazuia vibarua walioletwa kuchukua nafasi za waume na ndugu zao waliokuwa wamegoma. Baadhi yao walikwenda gerezani wakiwa na watoto wachanga mikononi. Mahakimu waliowahukumu walikuwa makasisi.

Hapa ndipo lilipo fumbo la Kelmscott. Kijiji kilibaki kizuri kwa sababu, kwa sehemu kubwa, kilikuwa maskini. Kuta za kale hazikubomolewa kwa kuwa hakukuwa na fedha za kujengea mpya. Viwanda havikuja kwa kuwa hapakuwa na cha kuvileta. Kile ambacho mgeni kutoka London alikiona kuwa usafi wa kale, kibarua alikiona kuwa paa linalovuja. Isitoshe, mgeni mwenyewe hakuwa nje ya hesabu hiyo. Sehemu ya utajiri uliomwezesha Morris kuwa msanii ilitokana na hisa za familia yake katika mgodi wa shaba na aseniki huko Devon, ambako wachimbaji walifanya kazi ngumu na ya hatari. Vilivyoelea viliundwa, tena viliundwa na watu ambao hawakualikwa kuvitazama.

Kinachomtofautisha Morris na wapenzi wengi wa mashamba ni kwamba alilitambua deni hilo. Mnamo 1883 alijiunga na chama cha kisoshalisti, na kufikia mwisho wa mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Socialist League. Tangu hapo alihutubia vijiweni na kumbini, katika mvua na baridi, akidai kwamba sanaa isiyoweza kuwafikia watu wote si sanaa ya kujivunia. Mwaka 1890 alichapisha kwa mfululizo, katika gazeti la chama hicho, riwaya yake *News from Nowhere*, yaani habari kutoka mahali pasipokuwepo.

Katika riwaya hiyo msimulizi analala katika London ya moshi na kuamka katika Uingereza ya siku zijazo, isiyo na matajiri wala maskini, isiyo na fedha wala magereza. Anasafiri kwa mashua kuelekea juu ya Thames, siku kadhaa, hadi anapofika kwenye nyumba ya kale ya mawe ambayo msomaji anaitambua mara moja. Wenyeji wanajiandaa kuvuna nyasi, na karamu imeandaliwa kanisani. Lakini karamu inapoanza, marafiki zake hawamwoni tena. Anatoka nje peke yake, na njiani anakutana na mtu mmoja mwenye matambara, aliyepinda mgongo, anayeonekana mkongwe kuliko umri wake. Mtu huyo anamsalimu kwa unyenyekevu na kupita. Kisha giza linatanda, na msimulizi anaamka kitandani kwake.

Mtu yule ni nani? Ni kibarua wa Kelmscott. Morris angeweza kuimaliza ndoto yake kwa nyimbo na mavuno, na hakuna msomaji ambaye angelalamika. Badala yake alimrejesha mlangoni yule ambaye ndoto ingependa kumsahau. Ndiyo maana riwaya hii haikuwa porojo tamu. Mwandishi alikataa kuuziba macho ushahidi wa kijiji alichokipenda.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kumkumbuka hapa Shaaban Robert. *Kusadikika*, iliyochapishwa mwaka 1951, inasimulia habari za nchi inayoelea angani, na za Karama anayeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Si lazima kudai kwamba kazi moja iliathiri nyingine ili kuona yanayozikutanisha. Shaaban Robert, akiandika chini ya utawala wa kikoloni, aliipandisha nchi yake mawinguni, mbali na ramani. Morris aliiweka yake juu ya mto halisi ambao mtu aweza kuupiga kasia. Mmoja alichora nchi mbovu yenye sauti ya matumaini. Mwingine alichora nchi njema yenye kivuli cha huzuni. Hata hivyo, wote wawili walikataa kuwasahau waliodhulumiwa: Karama anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe waliotumikia nchi wakalipwa kifungo, naye Morris anamsimamisha kibarua nje ya karamu.

Morris alifariki tarehe 3 Oktoba 1896. Siku tatu baadaye jeneza lake lilitolewa katika kituo cha reli cha Lechlade juu ya gari la kubebea nyasi, lililopambwa kwa matawi ya mierebi, likapelekwa Kelmscott chini ya mvua. Kaburi lake katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu George lilisanifiwa na rafiki yake Philip Webb, nalo lina umbo la paa la nyumba. Mjane wake, Jane, aliwajengea wanakijiji nyumba za kumbukumbu mnamo 1902. Binti yao, May, aliyeishi kijijini hadi alipofariki mwaka 1938, alifanikisha ujenzi wa ukumbi wa kijiji uliofunguliwa mwaka 1934 na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Inafaa kuzingatia kwamba kumbukumbu hizi mbili hazikuwa sanamu za shaba. Zilikuwa nyumba za kulala na ukumbi wa kukutania, vitu ambavyo yule mtu wa njiani angevihitaji.

Mwaka 1962 Kelmscott Manor iliingia mikononi mwa Society of Antiquaries of London, na baada ya matengenezo makubwa ilifunguliwa tena kwa wageni mnamo 2022. Reli ya Lechlade, iliyofika huko mwaka 1873, ilifungwa mwaka uo huo wa 1962. Mashine zimechukua kazi ya vibarua, na kuta zilizosalimika kwa sababu ya umaskini sasa zinatunzwa kwa gharama kubwa. Mto bado unapita, mierebi bado inainama, na vigae bado vinapungua ukubwa kuelekea kileleni.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, Kelmscott ina funzo moja kuu. Mandhari katika kazi ya fasihi si pazia la nyuma ya jukwaa linaloning'inizwa ili wahusika wapate mahali pa kusimama. Mandhari ni kazi ya mikono ya watu, na mara nyingi ni kazi isiyolipwa haki yake. Mhakiki anapokutana na shamba zuri, mto mtulivu au nyumba ya kale katika riwaya au shairi, hana budi kuuliza ni nani aliyevuna nyasi hizo, ni nani aliyebeba mawe hayo, na ni nani aliyeachwa nje ya karamu. Mwandishi aliyelikwepa swali hilo atakuwa amesifu chombo na kumsahau muundaji. Aliyelijibu, hata kwa aya moja ya mwisho, ameanza kulipa deni.