Mpimaji Shambani kwa Jirani



Wengi wetu hudhani mpimaji ardhi hubaki ndani ya kiwanja cha aliyemwita. Mara nyingi haiwezekani. Ili ajue kona yetu iko wapi, huanzia kwenye bikoni zilizokwisha kupimwa, na hizo huweza kuwa shambani kwa jirani. Ndiyo maana Sheria ya Upimaji wa Ardhi ya Tanzania, Sura 324, inampa mpimaji mamlaka ya kuingia katika ardhi ya mtu kwa ajili ya kazi hiyo. Kuingia huko hakumpi yeye wala aliyemwita hata shubiri moja ya ardhi ile.

Sisi wa halmashauri ya walei, katika parokia iliyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tulikutana na jambo hili tulipopima eneo la kigango. Bikoni moja ilikuwa ndani ya kihamba cha mama mjane. Akakataa. "Wakishaingia na vyombo vyao, wanangu watabaki na nini?"

Sheria ilikuwa upande wetu, lakini hofu yake haikuwa ya bure: kwa mjane, kihamba ndicho chakula na ndicho kaburi la mumewe. Tukaenda na mwenyekiti wa kitongoji, tukamwamkia, tukamweleza ni jiwe lipi linalotafutwa. Tukamwomba yeye na mwanawe wasimame pale hadi kazi iishe, na tukaahidi kulipa mgomba wowote utakaokatwa. Akaruhusu. Jiwe likapatikana karibu na masale ya mpakani, na siku ile naye akajua mpaka wake unapita wapi.

Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kusogeza mpaka wa jirani. Sura ya 24 inaongeza jambo: aliyekopesha ana haki ya kupata rehani, ila asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuichukua, asimame nje, aletewe. Haki yake ipo, na mlango wa maskini unaheshimiwa.

Ndugu mafrateri, mtatumwa kwenye parokia zenye viwanja visivyopimwa. Kabla mpimaji hajafika, tangulieni ninyi kubisha hodi kwa jirani. Hati itakaa kabatini. Jirani mtakutana naye kila Jumapili.