Kuongoza Bila Darasa

Mkutubi wa shule hana somo kwenye ratiba. Hasahihishi madaftari, hatungi mtihani, na matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, walimu wakiulizwa mmoja mmoja somo lake limekwendaje, yeye haulizwi kitu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kwa sababu hiyo kazi yangu ni ya utunzaji tu: kupokea vitabu, kuvipanga, kuviazimisha, kuvidai. Siku hizi nawaza vingine, ingawa sidhani kama nimekwisha kuwaza.

Nilisomea ualimu wa Historia. Ufunguo wa maktaba nilikabidhiwa kama walimu wengi wa sekondari wanavyokabidhiwa, nikiwa bado nafundisha, kisha vipindi vikapungua kidogo kidogo hadi nikabaki na rafu. Baadaye nilipata kozi fupi Bagamoyo, katika chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na huko ndiko nilikosikia habari za S. R. Ranganathan, Mhindi aliyekuwa mwalimu wa hisabati mpaka mwaka 1924 alipofanywa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Siku za mwanzo upweke ulimlemea, akataka arudi kufundisha. Mwaka 1931 mtu huyohuyo akachapisha kanuni tano za ukutubi, na ya kwanza ni kwamba vitabu vipo ili vitumike. Wenzangu waliandika kanuni; mimi nilibaki nikiuwaza ule upweke, kwa maana niliujua.

Mwalimu akiingia darasani huwakuta wanafunzi wamekaa wakimngoja. Mkutubi ndiye anayengoja. Lakini katika kungoja huko kuna jambo nililochelewa kulitambua: mtoto ambaye mwalimu wa Jiografia anamjua kwa Jiografia tu, na wa Baiolojia kwa Baiolojia tu, kwangu huja na masomo yake yote, mwaka baada ya mwaka. Namwona akiingia Kidato cha Kwanza, ametoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, ghafla karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Nimeona wasemaji hodari wakinyamaza. Huazima kitabu, hukaa nacho, hukirudisha, na ukiwauliza wamesoma nini wanakutajia namba ya ukurasa.

Namba hizo ndizo zilizonizindua. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walipewa zoezi la kutaja sababu tano za mmomonyoko wa udongo, wakaja mkondo baada ya mkondo, wote wakinakili ukurasa mmoja wa kitabu kimoja, hadi ukurasa wenyewe ukaanza kuchanika. Vitabu vingine vilikuwepo. Havikuhitajika, kwa sababu swali lenyewe halikuvihitaji.

Nilisita kwenda kwa mwalimu wa Jiografia. Udongo anaujua yeye, na sikutaka aone kama namfundisha kazi. Nilimwendea na swali: je, watoto wakiulizwa habari za Kondoa? Sisi tuko mkoani Dodoma, si mbali. Mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Tuwaulize: uamuzi ule ulikuwa wa haki? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sasa ni la Uraia, mwenzangu." Nikamjibu kwamba ni la Uraia, na la Historia, na lake pia.

Tukakubaliana. Nikatandaza mezani vitabu vya masomo hayo yote, pamoja na vijitabu vya Kiswahili vya hifadhi ya ardhi. Wengi walianza na Kiswahili, wakaelewa, ndipo wakageukia Kiingereza wakiwa tayari na jambo la kutafuta. Mwenzangu hakupendezwa. Mtihani ni wa Kiingereza, alisema, na anayeegemea Kiswahili leo atakwama kesho. Sina hakika kwamba amekosea. Nimeona mtoto akifunguka kwa kusoma hivyo, na nimeona pia aliyeishia kwenye kijitabu asikiguse kile kingine.

Kisha mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, babu yangu alikuwepo. Naweza kumwandika kwenye marejeo?" Nilimwambia amwandike, lakini kwanza amuulize alichokiona mwenyewe na alichokisikia kwa wengine. Alirudi na maneno ya babu: nyasi zilirudi kweli, ila ng'ombe wake hawakurudi. Kitabu kilieleza habari za nyasi, hakikutaja ng'ombe wa mtu yeyote. Darasa likagawanyika, na kipindi kizima kikaisha watu wakiulizana "umejuaje?", swali ambalo mezani kwangu nawauliza kila siku na kwa kawaida hulijibu kwa kutazama chini.

Siku hiyo sikufundisha. Nilisimama karibu na rafu, nikamfungulia mmoja kitabu alichokuwa hakioni. Kama nami niliongoza, basi uongozi wangu ulikuwa umefanyika kabla, katika swali lililoulizwa na katika vitabu vilivyowekwa pamoja. Hata hilo silisemi kwa sauti kubwa. Mwenzangu alinieleza kwa uungwana kwamba Kondoa imemlia vipindi ambavyo muhtasari haukumpa, na kwamba mtihani huenda ukauliza tena sababu tano. Mkuu wa shule akitaka ushahidi, rejesta yangu inaonyesha vitabu vilivyotoka na vilivyorudi. Waliofikiri haiwaonyeshi, na sijapata njia ya kuwaandika humo.

Muhula huu mwalimu wa Baiolojia ameomba tukae pamoja kabla hajatunga zoezi lake la malaria. Yule wa Jiografia anataka vijitabu vya Kiswahili viondolewe mezani mwanafunzi afikapo Kidato cha Tatu. Mimi nataka vibaki. Tumekubaliana vibaki kwa mkondo mmoja na viondolewe kwa mwingine, kisha tusome kazi zao pamoja, yeye na mimi.